Dengu za Bashai Bokru

Kila asubuhi, kabla hajaonja kahawa, babu yangu hupanga dengu. Humimina dengu za kukaanga kwenye sinia la bati, huchagua arobaini na tatu nzima zisizopasuka, na kuzigawa katika mafungu sita. Zilizomenywa ni Wakristo, zenye maganda ni Waislamu. Kisha huziangalia. Husogeza moja kutoka fungu hili kwenda lile, husonya, huirudisha ilikotoka. Siku nyingine humaliza kabla moto haujakolea, siku nyingine kahawa ya kwanza hupoa kando yake. Akisharidhika huzila zote, fungu baada ya fungu, na Bibi Mebrat humkumbusha kwamba meno aliyobaki nayo hayakuombwa kufanya kazi ya kinu.

Nilipokuwa mdogo nilidhani ni namna ya kusali. Nilishakuwa mwanafunzi wa chuo kikuu, nimerudi kwetu Keren, Eritrea, kwa likizo ndefu, nilipotambua kwamba ile ni orodha ya zamu ya polisi. Babu alikuwa amestaafu miaka tisa.

Bashai si jina lake. Ni cheo cha kale cha askari wa Waitalia kilichomganda, hata watoto wa sokoni humwita hivyo. Aliingia jeshi lao akiwa na miaka kumi na minane, akawa mkalimani, akawa koplo, na Waingereza walipokuja wakati wa vita na kuwapiga Waitalia katika milima iliyo juu ya mji wetu, alishuka pamoja na walioshindwa, bila viatu. Wiki tatu baadaye washindi walimwita. Walihitaji polisi. Wao wenyewe katika wilaya nzima walikuwa wanne, na mmoja wao alikuwa na homa. Walisema hawakuja kutawala, wanaishika tu nchi mpaka wakubwa wa dunia waamue ni ya nani. Waliishika miaka kumi na mmoja.

Alipofika ofisini siku ya kwanza, babu alimkuta Marishali Ghezzi. Marishali ni cheo cha polisi wa Kiitalia; huyu Ghezzi ndiye aliyekuwa mkuu wa polisi wakati wao, na babu alikuwa mkalimani wake. Alikuwa ametekwa, akapelekwa kambini, akarudishwa, kwa sababu Waingereza hawakuwa na mtu mwingine aliyejua mafaili yako kwenye kabati gani. Alikuwa amekaa kwenye kiti chake kilekile chenye bonde katikati. Bibi husema babu alirudi nyumbani jioni ile hajui acheke au alie. Walipigana upande mmoja, wakashindwa siku moja, lakini mwenzake kashindwa akiwa na kiti.

Kazi aliyopewa babu ilikuwa kuandika zamu: nani alinde kituo gani, na nani, kwa muda gani. Kwa mgeni hiyo ni kazi ya rula na penseli. Kwetu sisi Wabilen si hivyo. Mtu akiuawa, deni la damu humwangukia kila mwanamume wa ukoo wa muuaji kwa upande wa baba, mpaka babu wa saba, na hubaki hivyo mpaka ng'ombe walipwe, kisha pande zote mbili zikae na kula kutoka chombo kimoja mbele ya mashahidi. Kabla ya kumpeleka askari bonde fulani, sharti uwajue babu zake saba na babu saba wa watu wa bonde hilo. Babu aliwajua. Mama yake alikuwa mwanamke wa kuitwa misibani kuwataja wahenga wa marehemu, na mwanawe alikuwa akienda naye amembebea mkeka. Majina aliyasikia kama wengine wanavyosikia nyimbo.

Kwa hiyo alizipanga dengu nyumbani, akazila, akaenda ofisini, akaandika majina kwenye karatasi bila maelezo yoyote. Kwa miaka saba hakuna askari hata mmoja wa Keren aliyekufa kwa damu ya ukoo, na hakuna aliyeona kwamba kuna mtu anafanya kazi. Maana yake ni kwamba alidharauliwa vizuri kabisa.

Mwaka wa arobaini na nane majambazi wa milimani walizidi kuiba ng'ombe, na waraka ukaja kutoka Asmara kwamba kifunguliwe kituo kipya, cha sita, katika bonde la Sheglet. Waraka ulikuwa na ikama yake. Askari wanane. Nusu Wakristo, nusu Waislamu. Asiwemo mwenyeji wa bonde. Asizidi yeyote miaka thelathini na mitano. Jalada la kila mmoja liwe safi. Mkuu wa polisi wakati huo alikuwa Kapteni Pelham, aliyekuwa mwalimu wa shule kwao kabla ya vita, mtu mpole anayependa mistari iliyonyooka. Hakusubiri babu apange. Alichukua mafaili jioni moja akachagua mwenyewe watu wanane, na asubuhi akaibandika orodha ukutani.

Wa nane alikuwa namba 117, Konstebo Fikak.

Fikak alikuwa na miaka ishirini na sita, mke mpya, na masharubu aliyoyapaka samli. Binamu ya baba yake alikuwa amemuua mtu wa Sheglet miaka tisa nyuma, kwa ajili ya fahali aliyesukumwa kisimani. Waitalia walizikusanya pande zote mbili, wakawabonyeza vidole gumba kwenye karatasi, wakawaambia wameshapatana, wakawarudisha makwao. Ng'ombe hawakulipwa. Hakuna aliyekula na mwenzake. Karatasi hiyo ilikuwa na mihuri miwili na saini ya Ghezzi.

Babu aliingia ofisini kabla ya gwaride. Kapteni alimuuliza namba 117 ana kasoro gani.

"Hana kasoro, Bwana Kapteni. Sheglet watamuua."

Ghezzi hakuinuka kitini. "Kesi ile ilikwisha. Nilisaini mwenyewe."

"Ulisaini wewe, Marishali. Wao hawajala."

Kapteni alitaka kujua chakula kimeingiaje hapa. Babu akamweleza, kwa Kiitalia chake na Kiingereza chake cha kuokoteza, habari ya babu wa saba, ng'ombe, chombo kimoja na mashahidi. Alieleza kwa nusu saa. Kapteni aliandika, akafuta, akachora mti wenye matawi, akauliza kama shangazi wanahesabiwa, akaambiwa hawahesabiwi, akafuta tena. Mwishoni aliweka kalamu chini na kuuliza swali ambalo babu anasema angetoa jino ili lisiulizwe. Katika kikosi chake, ni wangapi wana mambo ya namna hii?

Babu hakujua kusema uongo wa haraka. Akasema ni wote, na yeye mwenyewe yumo.

Hapo Kapteni alichangamka kama mtu aliyeonyeshwa chemchemi. Alisema hilo ndilo lililokosekana miaka yote. Babu aandike kila kitu: kila askari, ukoo wake, nani ana damu na nani, nani asipelekwe wapi. Nakala mbili, moja ibaki ofisini, moja iende Asmara. Babu akamwambia kichwani mwake inatosha. Kapteni akasema kichwa si jalada.

"Nipe orodha Ijumaa, na 117 atabaki mjini. Usiponipa, ataondoka Jumatatu. Siwezi kumwondoa mtu kwa jambo lisiloandikwa popote."

Ghezzi akajitolea kuipiga chapa.

Ni vizuri nieleze kwa nini babu alitoka pale bila kukubali. Zamani, babu akiwa bado mkalimani, Ghezzi alimuuliza swali hilihili, kwa upole huuhuu. Nani ana damu na nani? Babu alidhani anaulizwa ili watu waepushwe. Akajibu, akiona fahari kwamba anajua. Ghezzi akayageuza majibu: akampeleka kila mtu palepale asipopaswa kwenda, kwa hesabu kwamba mlinzi ambaye hakuna atakayempa hata maji hatahongwa wala hataoa wala hataonea mtu huruma. Mmoja wao aliitwa Hazas. Alikutwa karibu na kisima baada ya mvua za kwanza, na mkate wake ungali mfukoni. Babu ndiye aliyetumwa kumwambia mama yake. Bibi anasema tangu siku ile hakuwahi kutaja ukoo wa mtu mbele ya karatasi.

Sasa ilikuwa Jumanne, na alitakiwa kuchagua kati ya masharubu ya Fikak na karatasi ambayo Ghezzi angeipiga chapa kwa mikono yake.

Kwanza alijaribu njia rahisi. Alimfuata Fikak kambini, akamkuta anang'arisha buti pamoja na wenzake, akamwambia kwa sauti ya chini kwamba ana homa.

"Sina homa, Bashai."

"Unayo. Nenda kwa daktari."

"Nikamwambie nini, kwamba Bashai ameniota vibaya?"

Wenzake wakacheka. Babu akamvuta pembeni, akamtajia Sheglet. Fikak alijua vyema kuna nini Sheglet. Alijua kuliko babu. Uso wake ulibadilika, lakini alisema kwa sauti ya kusikika na wote kwamba jina lake limebandikwa ukutani, na likibanduliwa watu watasema alikwenda kulia kwa wazee.

"Mama yangu mwenyewe amenyamaza," alisema. "Umeanza kuniogopea wewe?"

Jumatano Bibi Mebrat alitoa ushauri wake. Aandike orodha ya uongo. Wazungu watajuaje? Babu alichukua karatasi, akaandika mistari mitatu ya uongo kwa mwandiko mzuri, akakaa akaitazama. Halafu akamuuliza mkewe: je, huyu niliyemwandika hapa kwamba ana damu na watu wa mtoni, ambao hana neno nao, Wazungu watampeleka wapi badala ya huko? Bibi alichochea moto. Karatasi iliingia kwenye jiko, chini ya chungu cha uji wa mtama. Bibi anasema ule uji uliungua, na kwamba katika habari hii yote hakuna anayekumbuka kumhurumia mpishi.

Alhamisi babu hakulala mchana kama kawaida yake. Alimimina dengu, akajaribu upya. Akimtoa Fikak, anahitaji Mkristo mwingine. Huyu ana damu na Sheglet kwa babu wa tano. Yule ni mwenyeji. Yule mwingine amezidi umri. Yule ana jalada chafu kwa sababu ya punda. Alizungusha dengu mpaka maganda yakaanza kutoka, na Waislamu wakawa wanageuka Wakristo mikononi mwake. Ndipo akachukua dengu moja iliyobaki nje ya sinia, ambayo hakuwa akiihesabu kamwe, akaiweka kwenye fungu la sita. Fungu likatulia.

Ijumaa alipeleka karatasi. Ilikuwa moja, si nakala mbili. Ilikuwa orodha ya Kituo cha Sheglet, wanane kama ikama ilivyotaka, na mahali pa namba 117 palikuwa na jina lake mwenyewe: Sajenti Bokru.

Kapteni aliisoma mara mbili. Akasema huu ni mzaha. Ikama inataka watu wasiozidi miaka thelathini na mitano, na kila mtu anaona Bashai ana mvi.

"Jalada langu linasema nina thelathini na tatu, Bwana Kapteni."

Kapteni akalifungua jalada. Lilisema hivyo kweli. Mwaka wa thelathini na tano, enzi za Waitalia, wakubwa wa Ghezzi walitaka mkalimani kijana, na Ghezzi, kwa kuwa hakuwa na kijana, alimpunguzia babu miaka kumi na mmoja kwa kalamu.

"Marishali alisaini mwenyewe," babu alisema.

Ghezzi akatazama dirishani. Kapteni akalifunga jalada, kisha akatoa neno alilokuwa amelihifadhi. Mwezi uliofuata wangechaguliwa wenyeji wa kwanza kwenda Asmara kusomea uinspekta. Jina la Bokru lilikuwa la kwanza. Aliye nje kwenye vituo vya mabondeni hatachukuliwa. Je, amelifikiria hilo? Babu akasema amelifikiria. Na orodha ya koo? Babu akasema hana orodha. Kapteni, aliyekuwa mpole, akavunja penseli, akasaini, na katika jalada la babu akaongeza neno moja ambalo limebaki humo mpaka leo: mbishi.

Jumatatu babu alipanda Sheglet na watu saba, nyumbu wawili na gunia la dengu.

Alikaa huko miaka miwili na miezi saba. Watu wa Sheglet hawakuwa na neno naye, walimpa maziwa na wakamlalamikia kuhusu mipaka ya mashamba mpaka akachoka. Huku mjini Ghezzi alipewa kazi ya zamu. Aliifanya kwa kufuata namba, kuanzia moja. Katika mwezi wa kwanza askari mmoja alitoweka lindoni, akiacha bunduki imeegemezwa ukutani na sare imekunjwa vizuri juu yake. Wawili waliopangwa doria pamoja walikaa siku nne wamepeana mgongo, kila mmoja akingoja mwenzake atangulie. Kituo cha tatu kilijifungia kwa ndani, na mkaguzi alipobisha aliambiwa na sauti mbili tofauti kwamba mwenye ufunguo ni yule mwingine.

Jumamosi ya tano dereva wa Kapteni alipanda Sheglet na orodha mpya ndani ya bahasha. Hakuna barua. Babu alipanga dengu kwenye jiwe bapa, akazitazama, akamwambia dereva: mwambie 88 na 64 wabadilishane, na 12 asitoke mjini. Dereva akauliza aseme sababu gani. Hakuna sababu, babu akajibu. Jumamosi iliyofuata dereva alirudi na orodha nyingine, na chini yake Kapteni ameandika kwa herufi kubwa: SABABU? Babu akabadilisha majina matatu akairudisha. Iliendelea hivyo kila Jumamosi mpaka Kapteni akahamishwa. Bado anaudhika akikumbuka. Anasema alifanya kazi mbili kwa mshahara wa moja, tena akiwa juu ya jiwe, kwa mtu aliyekuwa na meza.

Na Fikak? Fikak hakumsalimia babu kwa nusu mwaka, kila aliposhuka mjini. Kambi nzima ilivuma kwamba Bashai alimnyang'anya nafasi ili ale posho ya mabondeni, au kwamba alimficha kama kifaranga, na Fikak hakujua ni uvumi upi unaomuumiza zaidi. Lakini alibaki mjini, jalada lake halina doa, masharubu yamenyooka. Mahali pa Bokru kwenye orodha ya Asmara palipobaki wazi, wakamchukua yeye. Alirudi akiwa inspekta. Siku babu aliposhuka kutoka Sheglet kwa mara ya mwisho, mkubwa wa kwanza aliyemkuta getini alikuwa Fikak, na babu akampigia saluti kwa goti lililokuwa tayari limeanza kumsumbua.

Hayo yote niliyapata kwa Bibi, na mengine kwa dereva, ambaye sasa anauza mkaa. Kwa babu mwenyewe hupati zaidi ya kusonya.

Waingereza wameondoka. Serikali imebadilika, bendera imebadilika, na Inspekta Fikak sasa ndiye mkuu wa polisi Keren, masharubu meupe. Kila Alhamisi huja kwetu asubuhi, kana kwamba anapita tu, akauliza kama fulani anaweza kupelekwa mahali fulani. Babu humjibu ndiyo au hapana.

Alhamisi moja ya likizo ile nilikuwa nimekaa pembeni na kitabu changu alipoingia. Alimsalimu Bibi, akaketi kwenye kigoda, na wakati akitafuta namna ya kuanza, mkono wake ulikwenda kwenye sinia ukachukua dengu kutoka fungu la tatu.

"Rudisha," babu alisema.

Alikuwa ameshaitafuna. "Ni dengu, Bashai."

"Alikuwa koplo."

Fikak akacheka kidogo, kisha akaacha. Alitoa karatasi mfukoni, akaikunjua kwenye goti. Wakubwa wake wapya wanataka ile orodha. Koo zote, damu zote, nakala mbili. Alisema sasa ni watu wetu wenyewe ofisini, si Mtalia wala Mwingereza, hivyo hakuna tena cha kuficha.

"Wewe ni mzee, Bashai, Mungu akuongezee. Ukiondoka nitafanyaje?"

"Uliza kabla sijaondoka. Kila Alhamisi unakuja, nani amekufukuza?"

"Wanataka karatasi."

"Waambie Bokru hajui kuandika."

Bibi aliweka kikombe cha kahawa mbele ya mgeni kwa nguvu kidogo, kama mtu anayetaka kusema jambo. Babu alimtazama mara moja, naye Bibi akarudi kwenye makaa. Fikak alikunja karatasi yake polepole. Alisema kwamba hakuna aliyewahi kumfanya ajione mdogo kama Bashai, tangu ile siku ya Sheglet, na kwamba hata akifika cheo gani, katika nyumba hii yeye bado ni konstebo mwenye homa ya kusingiziwa. Hakusema kwa hasira. Alimaliza kahawa yake ya kwanza, akaomba radhi kwa Bibi kwamba hataisubiri ya tatu, ingawa kwetu mgeni hanyanyuki kabla ya kikombe cha tatu, akavaa kofia na kutoka.

Babu aliangalia sinia. Zilikuwa arobaini na mbili. Akachagua nyingine kutoka bakulini, akaimenya, akaipuliza, akaiweka mahali pa koplo.

Nilifunga kitabu. Kwa muda wote wa likizo sikuwa nimemuuliza lolote.

"Babu, kwa nini humwambii kwamba hata siku ile Kapteni aliitaka orodha hiyohiyo ili yeye abaki mjini, nawe ukaenda Sheglet badala ya kuiandika?"

Alikula fungu la kwanza lote kabla hajajibu.

"Nikimwambia atanishukuru," alisema. "Kisha ataiomba orodha ileile tena."